Rangi ya kahawia kwenye tangi la matumbawe: jua ni nani kabla ya kumfukuza

Mchanga uliokuwa mweupe juzi leo una rangi ya kahawa. Kioo kina ukungu, miamba imevaa vumbi, na konokono wanaacha njia nyeupe kila wanapopita. Hapa Goma, mashariki mwa Kongo, karibu kila mtu ninayemfahamu aliyejaribu kufuga matumbawe amepitia hapo, na wengi hunipigia simu wakiwa tayari wameshika ndoo. Ombi langu huwa lile lile: weka ndoo chini. Usibadilishe maji leo, usitie dawa leo, usipunguze chakula leo. Tazama kwanza kwa siku moja.

Sababu ni hii. Tunachokiita mwani wa kahawia si kiumbe kimoja. Ni rangi inayovaliwa na viumbe wa makundi tofauti: diatomu, dinoflajelati (nitaziita dino, jina lao la kila siku kwa wafugaji), sianobakteria, na mwani wa kahawia wenyewe, ule wenye majani. Dawa ya mmoja ni karamu ya mwingine.

Mimi nililijua hilo kwa gharama. Tangi langu la lita 200, mtaani Himbi, liliingia kahawia likiwa na miezi saba. Nikaamini ni diatomu. Nikabadilisha maji mara tatu kwa wiki moja, nikakata chakula nusu, nikaongeza zile chembe nyekundu za oksidi ya chuma zinazonyonya fosfati mpaka kipimo kikasoma sifuri. Kahawia ikazidi. Vumbi likawa kamasi, kamasi ikawa nyuzi. Siku ya kumi nikakuta konokono kumi na mmoja wamelala chali mchangani, na matumbawe yaliyokuwa yakifunguka vizuri yamejifunga kama ngumi. Zilikuwa dino. Nami, kwa mikono yangu, nilikuwa nimeziondolea washindani wote.

Hatua ya 1: Tazama mara tatu ndani ya siku moja

Mara ya kwanza ni alfajiri, kabla taa za tangi hazijawaka. Mara ya pili saa nane mchana, taa zikiwa zimewaka kwa nguvu kwa saa kadhaa. Mara ya tatu usiku, zikiwa zimepita saa mbili tangu taa zizimwe. Tumia mwanga mweupe wa tochi ya simu. Chini ya taa ya buluu kila kitu cha kahawia hufanana na mwenzake, na hapo ndipo wengi hupotea. Piga picha mahali pale pale mara zote tatu, maana kumbukumbu hudanganya.

Diatomu haijali saa. Asubuhi ipo, usiku ipo. Ni vumbi: ukipitisha kidole kwenye kioo inatoka bila ubishi, kama vumbi la barabara kwenye mlango wa gari. Haina nyuzi, na viputo vyake ni vichache.

Dino hufuata jua la tangi. Alfajiri mchanga unaweza kuonekana karibu safi hata ukadhani tatizo limekwisha. Saa nane mchana kamasi imerudi, nyuzi zinapepea kwenye mkondo wa maji, na kwenye ncha ya uzi kuna kiputo cha hewa. Ukiona konokono wanazidi kuwa wazito, wanaanguka kutoka kwenye kioo na kushindwa kujigeuza, shaka yako ya kwanza iwe dino.

Sianobakteria ni shuka. Ivute taratibu kwa seringi na itang'oka kipande kizima, kama utando wa maziwa yaliyochemshwa. Rangi yake huwa kati ya kahawia na zambarau, na ukiinusa kwenye kikombe ina harufu ya udongo uliooza.

Mwani wenye majani huhitaji macho tu: una bapa, pande, au feni, na umeshika mwamba kwa mzizi.

Umri wa tangi nao ni ushahidi. Kahawia ya wiki ya pili hadi ya sita tangu tangi lianze, mara nyingi mno ni diatomu, na tangi jipya karibu lote lazima lipite hapo. Kahawia inayokuja baada ya miezi, kwenye tangi ambalo naitreti na fosfati, chakula cha mwani, zimesoma sifuri kwa wiki kadhaa, uitazame kwa hofu zaidi.

Kuna mambo mawili yanayofanana na tatizo hili lakini siyo. La kwanza: tumbawe lenyewe linaweza kugeuka kahawia. Ndani ya nyama ya tumbawe wanaishi viumbe wa chembe moja wanaolilisha kwa nguvu ya mwanga, zuksanthela, nao ni dinoflajelati pia, ila ni wapangaji wanaolipa kodi. Mwanga ukiwa mdogo au naitreti ikizidi, huongezeka na rangi ya tumbawe hukolea. Hilo halisuguliwi wala halitibiwi kama mwani. La pili ni la haraka: ute wa kahawia unaotoka kwenye tumbawe moja tu, ukifuatwa na nyama kuoza na kuacha mfupa mweupe. Huo ni ugonjwa. Zima pampu, nyonya ute kwa seringi usisambae, na lihamishe tumbawe hilo saa hiyo hiyo.

Hatua ya 2: Jaribio la karatasi ya kahawa

Hili naliamini kuliko vipimo vingi vya bei ghali. Unahitaji seringi ya mililita 20 kutoka farmasi, chupa ndogo yenye kifuniko, glasi inayoonyesha, na karatasi ya kuchujia kahawa. Katika Kivu, ambako arabika inatoka milimani kwetu wenyewe, karatasi hiyo haikosekani dukani. Ukiikosa, kitambaa safi cha pamba kilichokunjwa mara nne kinatosha.

Nyonya kahawia kidogo pamoja na maji ya tangi. Tia kwenye chupa, funga, tikisa kwa nguvu kwa dakika moja mpaka vipande vyote vivunjike. Chuja kwenye glasi. Iweke glasi chini ya taa ya tangi au dirishani penye mwanga, usiiguse kwa saa nzima.

Mwezi uliopita kijana mmoja wa Katindo alikuja na sampuli yake ndani ya chupa ya maji ya kunywa, ameifunga kwenye shati ili isipate baridi juu ya pikipiki. Tukachuja. Maji yaliyotoka yalikuwa na rangi hafifu, kama chai iliyoongezwa maji mara ya tatu.

"Mukubwa, si umeshaziondoa zote?" akauliza.

"Ngoja, mdogo wangu. Kunywa chai kwanza."

Kwenye dakika ya ishirini hapakuwa na kitu. Kwenye dakika ya arobaini alinyamaza, akainama mpaka pua ikakaribia glasi. Katikati ya maji palikuwa na wingu jembamba, halafu uzi, halafu uzi wa pili ukashikana na wa kwanza. Baada ya saa moja kulikuwa na utando wa kahawia unaoning'inia ndani ya glasi, mzima, kana kwamba hatukuwahi kuuvunja. Dino hupita kwenye karatasi zikiwa chembe moja moja, kisha hutafutana na kujifunga upya kwa ute. Diatomu hutulia chini kama vumbi. Sianobakteria hubaki vipandevipande.

Jibu la "hakuna uzi" lisikupe usingizi moja kwa moja, kwa kuwa Amphidinium, aina ya dino inayokaa mchangani, haina ute mwingi na inaweza kukuficha. Ndiyo maana kuna hatua inayofuata.

Hatua ya 3: Hadubini

Maabara yoyote ya mtaani inayopima malaria ina hadubini ya kutosha. Ukuzaji wa mara 400 unatosha kabisa. Nenda na sampuli mbichi, isiyozidi saa mbili tangu itoke kwenye tangi, na muombe fundi wa maabara kwa heshima tone moja la muda wake. Wengi hufurahi, ni nadra wao kuona bahari kwenye kioo chao.

Diatomu utaziona kama mitumbwi au vijiti vya kioo, vyenye kingo zilizonyooka, vikiteleza polepole au vimetulia. Ganda lao ni kioo kweli: limejengwa kwa silika. Ostreopsis, aina nyingine ya dino, ina umbo la tone au mbegu ya tikiti, nayo huzunguka pale pale kama mbuzi aliyefungwa kambani. Amphidinium ni duara lililobanwa, lina kichwa kidogo upande mmoja, na huogelea kwa haraka huku na huku. Prorocentrum, nayo dino, ni yai lenye doa katikati. Sianobakteria ni nyuzi ndefu zenye pingili, kama mkufu.

Andika jina. Kila kinachofuata kinategemea jina hilo.

Ikiwa ni diatomu: anzia kwenye bidoni (dumu la maji)

Tangi likiwa changa na maji yako yakiwa safi, jibu ni subira. Diatomu hula silikati (silika iliyoyeyuka) iliyomo kwenye maji, mchanga na miamba mipya. Ikiisha, nazo huisha, kwa kawaida ndani ya wiki chache. Futa kioo, nyonya mchanga unapobadilisha maji, punguza saa za taa ziwe sita au saba, na uongeze konokono wachache wa kula vumbi, Trochus au Cerithium. Basi.

Lakini hapa kwetu nimeona diatomu zinazokaa miezi sita, mwaka. Hizo zina mtu anayezilisha, na mara nyingi chakula kinaingia kwa bidoni la maji ya kujazia.

Fikiria hesabu. Maji yanapokauka kwenye tangi, hewani hupanda maji peke yake; silikati hubaki. Tangi la lita 200 likipoteza lita 3 kwa siku, kwa mwezi umejaza lita 90. Kama kila lita ina miligramu 10 za silikati, umeingiza miligramu 900, yaani miligramu 4.5 kwa kila lita ya tangi, na mwezi ujao utaongeza tena kiasi kile kile. Hakuna konokono wa kumaliza hesabu hiyo.

Na maji yetu yanatoka wapi? Tunaishi juu ya miamba ya volkano. Lava ya Nyiragongo, volkano yetu, hukimbia kama maji, kama tulivyoona Januari 2002 na tena Mei 2021, kwa sababu ina silika kidogo kuliko lava za milima mingine mingi; hata hivyo kidogo hicho ni karibu asilimia 40 ya jiwe. Maji yanayopita ndani yake hayatoki mikono mitupu. Ziwa Kivu nalo lina chumvichumvi nyingi kwa ziwa la maji baridi, na pH yake juu ni karibu 9. Kipimo changu cha TDS (jumla ya vitu vilivyoyeyuka majini) husoma zaidi ya 600 kwenye maji ya ziwani. Maji unayoyataka kwa matumbawe husoma 0.

Mvua inaonekana kama zawadi, na wengi hunishangaa nikiikataa. Kipimo kinasoma chini, kweli. Lakini TDS inakuambia ni kiasi gani kimeyeyuka, haikuambii ni nini. Mvua yetu hupita kwenye moshi wa mlima ikawa na asidi, hubeba majivu ya volkano, kisha huteremka juu ya mabati yaliyopakwa zinki. Zinki kidogo tu huua konokono na kamba. Kama huna njia nyingine isipokuwa mvua, acha nusu saa ya kwanza ioshe paa na kumwagika, kinga inayofuata kwa turubai safi la plastiki badala ya bati, na bado uipitishe kwenye mashine ya kuchuja.

Mashine hiyo ni ya hatua nne: chujio la tope la mikroni 5, makaa, utando wa RO (osmosi ya kinyume), na mwisho resini ya kuondoa madini. Utando peke yake hupunguza silikati bila kuimaliza. Kazi hiyo ni ya resini. Zingatia jambo ambalo wengi hawaambiwi wanaponunua: resini inapokaribia kuchoka, silikati ni miongoni mwa vitu vya kwanza kuponyoka, na inaweza kuanza kupita wakati kipimo cha TDS bado kinasoma 0 au 1. Ukiona diatomu zimerudi kwenye tangi lililokomaa, badilisha resini kabla ya kulaumu kitu kingine. Kipimo cha silikati cha matone kitakuthibitishia.

Utando unahitaji msukumo wa maji wa bar 3 hadi 4. Bidoni juu ya meza halina msukumo huo, kwa hiyo unahitaji pampu ndogo ya kusukuma. Na mashine hutupa lita tatu au nne kwa kila lita moja safi. Nakuomba sana usiyamwage. Katika mji ambao mama anapanda na lita 20 kichwani kutoka bomba la mtaa, maji hayo yafulie, yadekie, yaende chooni. Nimeweka pipa la bluu nyuma ya nyumba kwa ajili hiyo, na jirani zangu wanalijua.

Asiye na mashine hununua maji yaliyochemshwa kuwa mvuke na kupozwa, yale ya gereji. Uliza vizuri: mengine yanayoitwa maji ya betri ni asidi. Yapime kabla ya kuyatia, kila chupa, kila mara. Na bidoni liwe jipya au lililobeba maji tu. Lililowahi kubeba mazuti (dizeli) au mawese halitakatiki.

Neno moja kuhusu mawe. Jiwe jeusi la lava ni zuri kwa kuta za nyumba zetu na nimelipenda tangu utotoni, lakini usilitie kwenye tangi la matumbawe, wala mchanga mweusi wa ufukweni. Tumia mchanga wa chokaa ya matumbawe, uliooshwa.

Ikiwa ni dino: lisha washindani wao

Hapa ndipo kila kitu hugeuka juu chini. Dino hushamiri pale wengine wanapokufa njaa. Naitreti na fosfati zikifika sifuri, bakteria, diatomu na mwani wa kijani hulegea, na dino, zinazoweza hata kumeza viumbe wadogo, hubaki na uwanja wote. Kwa hiyo mbinu za usafi ulizozizoea zinazilisha.

Kwanza jilinde. Ostreopsis hutengeneza sumu za jamii ya palitoksini. Vaa glavu, usinyonye bomba kwa mdomo kuanzisha mkondo, usichemshe mwamba wala kuusugua ukiwa mkavu, na mwenye kidonda mkononi asitie mkono majini. Watoto wakae mbali. Weka makaa mapya kwenye chujio na uyabadilishe kila wiki ili yanyonye sumu inayotolewa zinapokufa.

Pili, acha kubadilisha maji kwa wiki mbili tatu. Ondoa zile chembe za kunyonya fosfati. Punguza nguvu ya skima ya protini, kile kifaa kinachotoa uchafu kwa povu.

Tatu, inua chakula cha maji. Lengo ni naitreti kati ya 5 na 10 mg/l, na fosfati kati ya 0.05 na 0.1 mg/l, bila kugusa sifuri hata siku moja. Ongeza mlo wa samaki taratibu, na kama hautoshi tumia vimiminika vya naitreti na fosfati vilivyotengenezwa kwa ajili ya matangi. Miamba hunyonya fosfati kama sifongo; utatia leo na kesho kipimo kitasoma sifuri tena. Usikate tamaa, wala usitie dozi ya siku tatu kwa pamoja. Pima kila siku saa ile ile. Mbolea ya shambani usiiguse, kwani nyingi zina amonia na nyingine zina shaba. (Sambaza kavu nazo nimeombwa niziruhusu. Ni samaki wetu tuwapendao, walioletwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, lakini wakiwa wakavu hutoa vumbi na fosfati nyingi kwa mpigo mmoja usioweza kuupima. Wapeleke jikoni.)

Nne, tumia jina ulilolipata kwenye hadubini. Ostreopsis huachia mwamba usiku na kuogelea. Hapo taa ya UV (mwanga wa urujuanimno unaoua viumbe wadogo majini) ndiyo silaha kubwa: wati 15 hadi 20 kwa tangi la lita 200, ikivuta maji moja kwa moja kutoka tangi kuu na kuyarudisha humo humo, maji yote yapite mara moja hadi tatu kwa saa, na iwake usiku kucha. Alfajiri, kabla hazijarudi mchangani, pepeta mchanga kwa bomba ili zilizobaki zielee. Baada ya siku tano hadi kumi utaona tofauti. Amphidinium haiogelei usiku. Hujichimbia mchangani, na taa ya UV itakula umeme wako bure. Kwa hiyo ukaribishe diatomu kwa makusudi: tia silikati ya sodiamu safi ya matangi mpaka kipimo kisome karibu 1 mg/l, uidumishe hapo kwa wiki kadhaa, na uache vumbi la kahawia lile uliloliogopa mwanzo lichukue mchanga. Usijaribu kufanya hivyo kwa kumwaga maji ya ziwani. Yana silikati, ndiyo, lakini yana na mengine mengi usiyoyataka.

Giza la siku tatu husifiwa sana. Linasaidia likifuatana na UV dhidi ya Ostreopsis. Likifanywa peke yake, dino hurudi ndani ya wiki. Ukiamua kulifanya hapa kwetu, kumbuka mwinuko. Goma iko karibu mita 1,500 juu ya bahari, na hewa yetu inayapa maji oksijeni pungufu kwa takriban sehemu moja ya sita kuliko pwani. Gizani hakuna anayetengeneza oksijeni, na mwani unaokufa unaitafuna iliyopo. Elekeza pampu juu ili uso wa maji utibuke, uwe na pampu ya hewa ya betri iliyochajiwa, na usianze giza siku ambayo umeme umekuwa ukikatikakatika. Na kama nyumba yako iko kwenye bonde lenye mazuku (gesi ya ukaa inayotoka ardhini), tangi lisikae chumba cha chini kabisa. Gesi hiyo hutulia huko, pH ya tangi hushuka, lakini hatari kubwa ni kwako wewe unayeinama sakafuni kusafisha.

Ikiwa ni sianobakteria

Mkondo wa maji ni dhaifu mahali fulani, na mabaki ya chakula yanalala hapo. Geuza pampu zipige kona hizo, nyonya shuka nzima nzima kila siku mbili, safisha sufi ya chujio kila siku ya tatu. Angalia uwiano: mara nyingi fosfati ipo na naitreti imeisha, na kuinua naitreti mpaka 5 mg/l hutosha kuwapa wengine nguvu.

Farmasi zetu zinauza eritromaisini bila maswali mengi, na najua watu wanaoitia kwenye tangi. Shuka hupotea kwa siku mbili, ni kweli. Hufa pia sehemu ya bakteria wanaosafisha amonia, na samaki huanza kuhema juu juu. Nimeitwa kwenye tangi la namna hiyo usiku, na tulichoweza kufanya ni kubadilisha maji nusu tangi na kungoja asubuhi.

Ikiwa ni mwani wenye majani

Dictyota ina mikanda inayogawanyika mbilimbili, wakati mwingine inang'aa buluu. Lobophora ni bapa gumu, kama sikio lililobandikwa mwambani, na wanyama wachache hulila. Kila kipande kinachokatika kinaweza kuota upya, kwa hiyo zima pampu zote kabla ya kung'oa, shika bomba la kunyonya kwa mkono mmoja na uvute kwa mwingine, au utoe mwamba na ufanyie kazi hiyo kwenye ndoo ya maji ya chumvi. Bisibisi bapa huondoa mizizi. Uchini wa baharini, Tripneustes gratilla, hula Dictyota kwa bidii, ila husukuma matumbawe ambayo hayajabandikwa.

Uchini na konokono hawa hutoka pwani ya Bahari ya Hindi, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka hapa hata ukienda kama ndege. Watie kwenye chombo cha pembeni kwa wiki kadhaa kwanza, kwani mwani mwingi mbaya huingia ukiwa umejishikiza kwenye ganda. Na ukiagiza matumbawe magumu pamoja nao, dai karatasi: yote yamo kwenye Kiambatisho cha 2 cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, na kupita mpakani bila kibali kunahatarisha mzigo na bahari yenyewe.

Utajuaje kuwa imekwisha

Ninatumia daftari la shule. Kila Jumapili naandika chumvi (35 kwa elfu), joto (25 hadi 26), naitreti, fosfati, na mwezi mara moja silikati ya maji ya kujazia. Pembeni nabandika picha mbili za mchanga, ya alfajiri na ya saa nane mchana. Picha hizo zikifanana kwa wiki tatu mfululizo, narudia jaribio la karatasi ya kahawa. Glasi ikibaki safi baada ya saa nzima, nazima taa ya UV, narudia kubadilisha maji, lita 10 tu kwa wiki mwanzoni badala ya 20. Kisha narudisha konokono, wawili kwanza, na kuwaangalia kwa siku tano kama wanapanda kioo.